Harufu ya Mkaa

Mtaani wanamwita Mama Maziwa, na ukimuulizia kwa jina alilopewa na wazazi wake utazungushwa mpaka uchoke. Ana ng'ombe watatu nyuma ya nyumba, kwenye banda la mabati lenye sakafu ya saruji, na kila asubuhi majirani hupanga foleni mlangoni kwake na chupa na vidumu. Ni mwanamke mnene kidogo, mwenye mikono ya kazi na kicheko cha kujibana, kwa sababu akicheka sana anakohoa. Kikohozi hicho ni cha jikoni. Amepikia kuni akiwa msichana, akapikia mkaa alipoolewa, na daktari wa zahanati alishamwambia wazi kwamba kifua chake kimejaa moshi. Alimwandikia dawa na kumshauri akae mbali na moto. Ushauri mzuri huo, ungemfaa mtu asiyekula.

Mumewe ni fundi wa kuchomelea vyuma, na hata nyumbani anaitwa Fundi. Ni mtu mpole, upole ule wa mtu anayependa mambo yaishe kabla hayajamfikia. Wana binti mmoja, yuko sekondari. Na katika chumba cha nyuma, chenye dirisha la kuangalia uani, anakaa mama yake Fundi, aliyehamia hapo magoti yalipokataa kumbeba. Kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha dirishani, hiyo ndiyo safari yake. Jikoni hafiki. Lakini pua yake inafika kila mahali, na masikio ndiyo usiseme.

Sasa ukitaka kujua Mama Maziwa alikuwa anatafuta nini hapa duniani, usidhani ni ng'ombe wa nne. Alikuwa anataka mama mkwe wake ale chakula chake akisifu. Basi. Cheka ukitaka. Tangu alipoolewa, tangu enzi za kuja kutembea tu, mama mkwe alikuwa na neno moja tu kwa kila alichopikiwa. Alikuwa anaonja, anatafuna taratibu akiangalia ukutani, halafu anasema, "Kinalika." Wali wa nazi, kinalika. Kuku wa sikukuu aliyeungwa tangu alfajiri, kinalika. Siku moja Mama Maziwa aliunguza maharage kwa makusudi, kwa hasira, aone kama kuna neno jingine. Bibi akaonja, akatafuna, akasema yanalika.

Mambo yalianza siku mradi ulipofika mtaani. Alikuja kijana mmoja mwenye fulana ya mradi na kofia ya mradi, hodari wa kuongea, ambaye watu hawakuchelewa kumbatiza jina la Bwana Gesi. Alisimama bandani akaeleza kwamba ng'ombe anapocheua anabeua hewa isiyoonekana iitwayo methani, na kwamba mavi yaliyorundikwa shimoni na maji, yakioza, yanatoa hewa hiyohiyo. Hewa hiyo inapanda juu na kuzuia joto lisitoke, na ndiyo maana mvua siku hizi zinakuja zinapotaka. Mama Maziwa aliwaangalia ng'ombe wake kwa aibu, maana hakutegemea wasemwe hadharani namna ile. Akauliza kubeua kunazuiwaje. Bwana Gesi akasema hiyo kazi bado ni ngumu, lakini mavi yanakamatika.

Mimi sina ugomvi na habari yenyewe, ni ya kweli. Ila inachosha kidogo. Wenye viwanda na ndege wachafue anga miaka nenda rudi, halafu aliyefuatwa mpaka uani ni mwanamke mwenye ng'ombe watatu, na yeye ndiye aliyeona aibu.

Hata hivyo alikubali, tena haraka, kwa sababu Bwana Gesi alitaja kitu kimoja kilichomgusa: moto usio na moshi. Wakaja mafundi, wakachimba, wakajenga shimo la saruji lenye paa la kuba, kila kitu chini ya ardhi. Upande mmoja kuna mdomo wa kumiminia mavi yaliyokorogwa na maji, pamoja na maganda na wali uliochacha ambao zamani ulikwenda jalalani kuozea huko. Upande wa pili linatoka tope la mbolea. Juu ya kuba kuna bomba linalokwenda jikoni, lina koki, na mwisho wa bomba kuna jiko la chuma. Bwana Gesi alimwachia sharti moja, akalirudia mpaka likachosha. Gesi hii ni ya kuchomwa. Ikichomwa, balaa lake linapungua sana. Ikiachwa itoke hivihivi kwa sababu haitumiki, inakuwa umejenga mtambo wa kuharibu zaidi.

Asubuhi ya kwanza Mama Maziwa aliwasha kiberiti, akafungua koki, na moto wa buluu ukakaa kwenye jiko umetulia. Alichemsha chai hakukohoa hata mara moja. Alisimama pale amejishika kiuno, machozi yanamlengalenga, na kwa mara ya kwanza hayakuwa ya moshi.

Chai ile ndiyo Fundi aliyompelekea mama yake, na kwa furaha akamweleza ilikochemshiwa. Bibi alikuwa ameshapeleka kikombe mdomoni. Akakirudisha mezani. Fundi akafanya utani, akamuuliza mbona maziwa anakunywa na yanatoka kwa ng'ombe huyohuyo. Bibi akamjibu kwamba maziwa hayatoki upande huo. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka uani:

"Mimi nimezaliwa na watu, sikuzaliwa na nzi. Chakula cha moto wa mavi sitaki. Sitaki, mnanisikia?"

Walimsikia. Alishinda siku nzima hajala. Jioni Fundi akamfuata mkewe jikoni, akakuna kichwa, akasema ampikie mama kwa mkaa, yaishe. Mama Maziwa akamuuliza, na wengine? Wengine wale cha gesi. Lakini Fundi alizoea kula na mama yake sahani moja, akaona haya kumwacha, naye akahamia kwenye mkaa. Ikabaki sufuria ndogo ya Mama Maziwa na bintiye. Mwanamke gani mwenye ng'ombe, banda na foleni ya wateja atapika mara mbili kila mlo? Baada ya muda wote walikuwa wamerudi kwenye mkaa, na Mama Maziwa amerudi kwenye kikohozi chake.

Gesi nayo haikujua kama imesusiwa. Ng'ombe waliendelea kula, mavi yaliendelea kupatikana, na kuba likajaa. Tope likaanza kusukumwa nje na kutokota kwa mapovu upande wa mbolea. Bwana Gesi alipopita kukagua alishika kichwa. Alisema hewa inavuja mchana kutwa, heri lile rundo la zamani. Mama Maziwa akajitetea, akasema ataiwasha tu iungue. Na kweli, ikawa kila siku anawasha jiko la buluu na kuliacha linawaka bila chungu juu yake, huku yeye ameinama pembeni anapuliza mkaa, machozi yanamtiririka. Bwana Gesi alipopita tena akaliona hilo, hakucheka. Alisema jiko litang'olewa lipewe nyumba nyingine, yenye watu wanaolitaka.

Hapo ndipo Mama Maziwa alipopata wazo, na sitalipamba. Aliamua kumdanganya mzee.

Alianza kupikia gesi kila kitu. Ila kabla ya kupika aliweka jiko la mkaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, vipande vichache tu, na birika la maji juu yake ili kuwe na sababu. Moshi ulikwenda dirishani kwa Bibi kama kawaida. Maharage yakiiva, alichukua kaa moja la moto kwa koleo, akaliweka ndani ya kikopo kidogo cha bati, akalidondoshea tone la mafuta, akakiweka kikopo katikati ya sufuria na kufunika. Moshi ulizunguka humo ndani kwa dakika kadhaa. Akifunua, chakula kinanukia mkaa kuliko kilichopikiwa mkaa wenyewe. Binti yake alimuuliza kama si vibaya. Akamwambia mambo mengine ni ya watu wazima.

Siku ya kwanza alisimama mlangoni kwa Bibi akijifanya anafunga kanga vizuri. Bibi akaonja, akatafuna akiangalia ukutani. Akaacha kutafuna. Akaonja tena. Halafu akageuza kichwa na kumwangalia mkwewe usoni.

"Hapa umepika, mwanangu," alisema.

Mwanangu. Siku zote alikuwa "wewe" au "mke wa Fundi". Mama Maziwa alirudi jikoni akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifuta uso kwa kanga. Alitaka kumwita mtu amwambie, lakini angemwambiaje?

Tangu hapo nyumba ilibadilika. Bibi alikuwa akiuliza mapema leo kuna nini. Alianza kumwita mkwewe aje akae naye wakichambua mchele, akamsimulia habari za marehemu mumewe na jinsi alivyokuwa mkorofi. Akawa anawaambia majirani waliokuja kumjulia hali kwamba katika mtaa huu wanawake wanachemsha, anayepika ni mmoja. Kifua cha Mama Maziwa kilipungua kukoroma. Mapovu kwenye tope yaliisha. Kila mtu alipata alichotaka, hata anga lilipata chake, na gharama yake ilikuwa kikopo kimoja cha bati. Ukimuuliza Mama Maziwa siku zile angekuapia kwamba hakuna aliyeumia.

Kosa lake, ukiacha lile kubwa, lilikuwa kumwambia Bwana Gesi. Kijana alikuja kukagua, akaona jiko la mkaa linafuka kizingitini, akauliza kulikoni. Mama Maziwa akamwonyesha kikopo. Alijisikia mjanja, na mjanja asiye na wa kumwonyesha ujanja wake anateseka. Bwana Gesi alicheka mpaka akavua kofia. Akaapa kwamba siri hiyo atakufa nayo.

Hakufa nayo. Waliletwa wageni wa mradi, watu wa vitambi na kamera, kuja kuona nyumba ya mfano. Mama Maziwa alivaa nguo mpya, akapika mbele yao kwenye moto wa buluu, akapigwa picha akitabasamu na mwiko mkononi. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka mgeni mmoja alipotoka uani akaliona jiko la mkaa. Akauliza, mbona nyumba ya mfano bado inachoma mkaa? Bwana Gesi aliona mradi wake unaponyoka. Akaeleza. Akaeleza kwa sauti kubwa, kwa madaha, pale pale chini ya dirisha: kwamba mkaa huo ni wa harufu tu, wa kumpumbaza bibi kizee aliyegoma kula chakula cha gesi, na kwamba bibi mwenyewe sasa anakisifu kuliko watu wote. Akakiinua na kikopo wakione. Wageni wakacheka, mmoja akaomba kukipiga picha.

Mama Maziwa hakucheka. Aliangalia juu, akaona dirisha liko wazi na pazia limetulia.

Wageni walipoondoka alipakua chakula, akakipeleka mwenyewe. Alimkuta Bibi amekaa kitandani badala ya kiti cha dirishani, mikono mapajani, kilemba kimefungwa vizuri kama anayesubiri usafiri. Hakupokea sahani. Mama Maziwa akaiweka mezani, akapiga magoti sakafuni, akaanza kuomba radhi. Alisema ni kifua chake, ni jiko lingechukuliwa, ni hofu. Bibi alimwacha amalize.

"Baba yangu alikufa nikiwa mdogo," alisema. "Nikapelekwa kwa watu wenye zizi. Kazi yangu ilikuwa mavi. Kuzoa mavi, kukanyaga mavi, kupaka sakafu kwa mikono hii. Chakula nilikuwa naletewa hukohuko zizini, maana walisema ninanuka, nisiingie ndani. Nakula nzi wamejaa kwenye sahani, na watoto wao wanakuja kunitazama, wanacheka. Nilipoolewa niliapa, hayo na chakula changu hayatakutana tena. Mume wangu hakujua. Mwanangu hajui mpaka leo."

"Ungeniambia, mama. Wallahi ungeniambia nisingefanya."

"Nilikuambia sitaki. Hilo halikutosha?"

Mama Maziwa aliambiwa kweli, tena kwa sauti iliyofika uani. Nyumba nzima iliambiwa, na katika nyumba nzima hakuna aliyeuliza kwa nini. Waliona ni mzee, mzee ana mambo yake.

"Leo nimewasikia tena wakicheka," Bibi aliendelea. "Nimekaa hapo dirishani, nawasikia. Na mimi nilikusifu. Nilikuita mwanangu, ukaitika. Kila siku unaitika, huku unanilisha kitu nilichokukataza, unasimama mlangoni kuniangalia nikimeza. Usinipikie tena."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu, kelele huwa zinapoa.

Fundi alipopewa habari alitoka mbio na spana yake kwenda kung'oa bomba, hasira za mtu anayejua alitakiwa kukasirika zamani. Mama yake akamwita kupitia dirishani. Akamwambia aache jiko la watu, mkewe ana kifua kibovu na mtoto anahitaji kula. Wao waendelee kupikia wanachopikia. Na wala hakuwa anabeza. Hilo ndilo lililomchoma Mama Maziwa kuliko yote, kwamba yule mama hata katika hasira yake alikumbuka kifua chake.

Kuanzia siku ile Bibi alikula mkate wa dukani kwa chai aliyoletewa na jirani, mwanamke mshona nguo wa nyumba ya pili. Kwa watu wa mtaa ule hakuna fedheha kubwa kuliko hiyo. Mama mwenye mwana, mwenye mkwe, mwenye ng'ombe watatu nyuma ya nyumba, analetewa chai kutoka kwa jirani ndani ya chupa, imefunikwa kwa kitambaa. Kwenye foleni ya maziwa watu walianza kunyamaza Mama Maziwa alipotokea. Mshona nguo mwenyewe alikuja kununua maziwa ya kumpikia Bibi chai. Mama Maziwa alimpimia, hawakuangaliana, akaenda nayo.

Picha ilirudi, kubwa, ya rangi. Mradi uliibandika ukutani kwenye ofisi ya mtaa, Mama Maziwa anatabasamu na mwiko wake mbele ya moto wa buluu, na chini yake maneno kwamba mlo wa familia hii hauchafui anga. Bwana Gesi alimletea nakala nyingine nyumbani, amesahau kabisa kama kuna alichoharibu. Akauliza Bibi hajambo. Mama Maziwa akamjibu hajambo, akaipokea picha, akaisukumia nyuma ya magunia ya pumba.

Alijaribu. Hamkosei Mungu mtu anayejaribu. Kila asubuhi alilitoa jiko la mkaa katikati ya uwanja, hatua chache kutoka dirishani, mahali ambapo mwenye macho lazima aone. Aliinama akapuliza mbele ya macho ya Bibi, akakohoa, akaweka sufuria, akachemsha chai kwa maziwa ya kwanza ya siku, yale mazito ambayo hakuwahi kumuuzia mtu. Hakuna bomba, hakuna kikopo. Alikuwa anakipeleka kikombe mwenyewe, anagonga, anakiweka mezani, anasema shikamoo mama. Bibi alikuwa anaitikia marahaba, maana adabu ni adabu. Akirudi kukichukua, chai imepoa, imefanya utando juu, kijiko kimelala mahali alipokiweka. Alikuwa anaimwaga kwenye mdomo wa mtambo, pamoja na mavi, iwe gesi.

Kikohozi kilirudi kwa nguvu. Fundi alimwomba aache, anajiua bure, jiko la buluu liko palepale. Alimjibu kwamba siku moja atakunywa, huwezi kujua. Majuma yalipita, na alikuwa bado anapuliza.

Halafu asubuhi moja alichelewa bandani, ng'ombe mmoja alikuwa na homa, akamtuma binti yake akachukue kikombe. Binti akarudi nacho jikoni. Kilikuwa kitupu. Hakikuwa na kitu kabisa, chini kumebaki majani mawili matatu tu ya chai. Mama Maziwa alikishika kwa mikono miwili. Akakigeuza, akakichungulia tena, akaanza kucheka kicheko chake cha kujibana, na safari hii hakujibana, akakohoa mpaka akajishikilia ukutani.

"Amekunywa," alisema. "Amesemaje? Amesema ni nzuri?"

Binti alikuwa bado amesimama mlangoni, mdomo wake una alama nyeupe ya maziwa.

"Nimekunywa mimi, mama," alisema. "Bibi amenipa. Amesema unahangaika sana kuipika, isimwagwe."